Stata, Kiwashio na Kiki: Historia ya Majina ya Chombo Kimoja Katika Nyanda za Juu za Kigoma

Utangulizi

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya kuunda istilahi ni kazi ya mezani. Ofisa hukaa na kamusi zake, hulitazama neno la kigeni, hutafuta mzizi wa Kiswahili unaofaa, hutia kiambishi mbele na kiambishi nyuma, na istilahi huwa imezaliwa. Mimi pia nilidhani hivyo nilipoanza kazi hii. Katika makala hii nakusudia kueleza jinsi nilivyofundishwa kinyume chake na chombo kidogo cha chuma kisichozidi ukubwa wa ngumi mbili, yaani ile mota ya umeme inayoanzisha injini ya pikipiki.

Miaka kadhaa iliyopita nililetewa fomu ya kuagizia vipuri vya vyombo vya usafiri ili niifasiri kwa Kiswahili. Nilipofika kwenye mota hiyo, niliona kwamba neno walitumialo mafundi, yaani “stata”, lina ugeni mwingi. Nikaandika “kiwashio”. Nililipenda neno hilo. Lilikuwa na mzizi wetu wenyewe, na lilifuata kanuni ile ile iliyotupa “kifagio” kutokana na kufagia na “kichujio” kutokana na kuchuja. Fomu ikachapwa na kusambazwa.

Baadaye zilinifikia habari kutoka katika zahanati moja ya nyanda za juu za Kigoma. Pikipiki iliyokuwa ikipeleka chanjo vijijini ilikuwa imeharibika stata. Ilikuwa ya aina isiyo na kiki, kwa hiyo kwa siku chache ilisukumwa kwenye mteremko ili iwake. Lakini muuguzi aliye peke yake, mwenye kisanduku cha chanjo nyuma yake, hawezi kusukuma pikipiki iliyozimika katikati ya mlima. Ikaegeshwa. Mganga akajaza fomu: “Pikipiki haiwaki. Tunaomba kiwashio kimoja.” Mtunza stoo alilisoma neno hilo na kufikiri kama ambavyo angefikiri Mswahili yeyote mwenye akili timamu: kinachowasha moto ndani ya injini ni plagi. Akapeleka plagi. Ikafungwa, na pikipiki haikuwaka. Fomu ikaandikwa tena kwa maneno yale yale, na plagi nyingine ikaja. Wiki kumi na moja zilipita hivyo, na chanjo ikawa inapelekwa kwa baiskeli katika vijiji vya karibu tu. Vijiji vya mbali vilisubiri.

Mganga hakukosea, wala mtunza stoo hakukosea. Kosa lilikuwa la neno, na neno lilikuwa langu. Ndiyo sababu nilipopata nafasi ya kwenda Kasulu na Kibondo nilikwenda nikiwa na daftari, ili nijue chombo hicho kimeitwaje tangu kilipofika huko, na kwa sababu gani.

Kuwasha kabla ya mota

Kitenzi “kuwasha” ni cha kale, na asili yake ni moto. Kamusi ya Krapf ilichapwa London mwaka 1882. Wakati huo hapakuwa bado na pikipiki ya petroli popote duniani, kwani chombo cha kwanza cha magurudumu mawili chenye injini ya petroli kilitengenezwa na Daimler na Maybach huko Ujerumani mwaka 1885. Watu wa pwani walikuwa wakiwasha moto, taa na tumbaku. Injini ilipokuja, ilikuta kitenzi kimekwisha kuwa tayari, na wasemaji wakasema “kuwasha gari” bila ya kuhitaji kamati yoyote kuwaelekeza. Ulinganisho huo ulikuwa sahihi, maana ndani ya injini ya petroli moto huwaka kweli.

Mzizi huu si wa pwani peke yake. Katika Kirundi na Kinyarwanda, ambazo ni ndugu wa karibu wa Kiha, kuna “kwaka” na “kwatsa”, maana yake kuwaka na kuwasha. Kwa hiyo msemaji wa nyanda za juu aliyejifunza Kiswahili hakupata shida kulielewa neno hili. Lilikuwa kama jamaa aliyerudi nyumbani amevaa nguo za pwani.

Jina la chombo chenyewe, “pikipiki”, halikutoka katika kitabu. Limetokana na mlio wake, na mpaka leo ni mojawapo ya mifano bora ya uwezo wa wananchi wa kutaja kitu kipya kwa sikio lao. Lakini mlio huo husikika baada ya injini kukubali. Kabla ya hapo mwenye pikipiki alikuwa na kazi ya kuizungusha injini kwa nguvu za mwili wake. Pikipiki za mwanzo zilisukumwa kwa kukimbia, au zilikuwa na pedali kama za baiskeli. Baadaye zikawekewa mkono wa chuma unaokanyagwa kwa mguu. Huo ndio “kiki”, na tendo lake likawa “kupiga kiki”. Kwa upande wa malori, utingo alizungusha injini kwa chuma kilichopindwa mbele ya gari, na tendo hilo likaitwa “kupiga hendeli”. Chuma hicho kiliweza kurudi nyuma ghafla na kuvunja mkono.

Msomaji aangalie jambo moja hapa. Katika “kupiga hendeli” na “kupiga kiki” watu walitaja kitendo cha kuzungusha. Katika “kuwasha” walitaja matokeo. Walitenganisha mambo mawili ambayo mimi, mezani pangu, niliyachanganya.

Umeme wachukua kazi ya mguu

Mota ya umeme ya kuanzisha injini iliyofaa kwa matumizi ya kila siku ilibuniwa na Charles Kettering wa Marekani, na magari ya Cadillac ya mwaka 1912 ndiyo yaliyoanza kuuzwa nayo. Watengenezaji wa pikipiki walijaribu kufuata upesi. Mwaka 1914 kampuni ya Indian ya Springfield, Massachusetts, ilitoa pikipiki iliyoitwa Hendee Special, yenye mota ya umeme ya kuianzisha. Haikudumu. Betri za wakati ule hazikuweza kuhimili kazi hiyo pamoja na mtikisiko wa barabara, na pikipiki hiyo ikaachwa mwaka ule ule.

Ilipita zaidi ya miaka arobaini kabla jambo hilo halijawa la kawaida. Kampuni ya Honda, iliyoanzishwa mwaka 1948, ilikuwa miongoni mwa zilizofanya pikipiki iwe chombo cha watu wengi. Super Cub yake ya mwaka 1958 iliuzwa duniani kote, na pikipiki yake kubwa ya CB750 ya mwaka 1969 ilitoka kiwandani ikiwa na mota ya kuianzisha. Pamoja na hayo, pikipiki nyingi nyepesi zilizofika vijijini Afrika Mashariki katika miongo iliyofuata ziliendelea kuwa za kiki.

Mafundi wazee niliokutana nao Kasulu walinieleza kwamba katika ujana wao pikipiki zilikuwa chache, nyingi zikiwa za misheni na za watumishi wa Serikali, na karibu zote zilipigwa kiki. Baadhi yao waliuita mkono huo wa kiki “stata”, kwa kuwa ndio ulioanzisha injini, na hapakuwa na kitu kingine cha kuchanganywa nao. Mambo yalibadilika ilipoenea biashara ya bodaboda. Biashara hiyo ilianza kwa baiskeli huko Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, katika miaka ya 1960, na baadaye ikahamia kwenye pikipiki. Hapa Tanzania pikipiki za kubeba abiria zilitungiwa kanuni zake za leseni mwaka 2010. Pikipiki nyepesi za kutoka India na China zilijaa barabarani, na nyingi kati yake zina vyote viwili: kitufe mkononi na kiki mguuni. Hapo ndipo jina moja lilipoacha kutosha. Aliyesema “stata imekufa” alilazimika kuulizwa: ipi, ya mkono au ya mguu?

Jibu likapatikana vijiweni. Chombo cha umeme kikabaki na jina la “stata”, ingawa wengine hukiita “selfu”, na mkono wa mguuni ukabaki na “kiki”. Neno “kiki” limekwisha kusafiri mbali zaidi, hata siku hizi mtu anayefanya vituko ili atajwe husemwa kwamba anatafuta kiki. Neno linalozaa maana mpya namna hiyo limekwisha kupata uraia.

Njia ambazo maneno yalipanda milimani

Nyanda za juu za Kigoma, ambazo wenyeji huziita Buha, ziko mbali na pwani, lakini haziko mbali na historia ya maneno. Reli ya kati kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, chini ya Wajerumani. Mwaka 1916 Wabelgiji waliiteka sehemu hiyo wakaitawala mpaka mwaka 1921, ilipokabidhiwa kwa Waingereza. Hivyo katika muda wa miaka kumi hivi watu wa Buha waliamriwa na wakubwa wa lugha tatu za Ulaya, na kati yao na wakubwa hao kilisimama Kiswahili.

Njia ya pili ilikuwa ya kazi. Katika utawala wa Waingereza, Buha ilikuwa moja ya sehemu zilizotoa vibarua wengi wa mashamba ya mkonge ya Tanga. Vibarua hao waliitwa “manamba”, kwa sababu ya namba walizopewa. Waliishi na watu wa makabila mengi, wakaona mitambo ya kusindika mkonge, malori na vijireli vya shambani, na waliporudi nyumbani hawakurudi na fedha peke yake. Walirudi pia na Kiswahili cha kazini, chenye spana, nati na injini ndani yake.

Njia ya tatu ni ya wakimbizi. Mapigano yaliyofuata kuuawa kwa Rais Ndadaye wa Burundi mwezi Oktoba 1993, na vita vya mashariki ya Kongo vilivyoanza mwaka 1996, viliwaleta watu kwa malaki katika wilaya za Kasulu na Kibondo. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Kambi ya Nduta, wilayani Kibondo, ilikuwa imefungwa, ikafunguliwa tena mwaka 2015 Warundi walipokimbia upya. Miongoni mwa wakimbizi hao walikuwamo mafundi, na lugha yao ya ufundi ilikuwa na Kifaransa ndani yake. Nilimsikia fundi mmoja aliyezaliwa ng’ambo ya Ziwa akiita stata “demareri”, na plagi “bujie”. Maneno hayo ni ya Kifaransa yaliyovishwa sauti za Kibantu. Katika Kifaransa neno la plagi ndilo hilo hilo la mshumaa, yaani kitu cha moto, na neno la stata limetokana na kitenzi cha kuanza safari. Wafaransa nao, kwa bahati, hawakuyachanganya.

Hivyo katika kijiwe kimoja cha Kasulu chombo kimoja kinaweza kuwa na majina matatu kwa siku moja. Jambo lililonishangaza ni kwamba mafundi hawakosani. Kila mmoja anajua mwenzake anataja nini, kwa kuwa chombo kipo mbele yao mezani. Kukosana huanza pale jina linapotiwa katika bahasha na kupelekwa kwa mtu ambaye hakioni chombo. Hapo ndipo kazi yetu inapoanza.

Utaratibu wa fundi

Nilimwomba fundi mmoja mzee anionyeshe jinsi anavyoutambua ubovu wa stata na jinsi anavyoibadili. Siku hiyo ililetwa pikipiki iliyotoka njia ya Kibondo, imevaa vumbi jekundu tangu tairi hadi taa. Nilisema, “Mzee, hii nayo haiwaki.” Akanitazama, akasema, “Mwanangu, haiwaki au haizunguki? Sema moja.”

Swali hilo lilinifungua macho. Kazi ya stata ni kuizungusha injini ili pistoni ivute petroli iliyochanganyika na hewa na kuishindilia. Kazi ya kuwasha mchanganyiko huo ni ya plagi. Injini ikizunguka bila kuwaka, ubovu hautafutwi kwenye stata. Isipozunguka, hakuna faida ya kuibadili plagi. Mzee alipiga kiki mara mbili, pikipiki ikanguruma. Akasema, “Inawaka. Haizunguki.” Kwa kiki mbili alikwisha kufuta nusu ya maradhi yanayowezekana.

Kisha alianza na betri. Betri ya volti 12 iliyojaa huonyesha kama volti 12.6 ikiwa imetulia. Alibonyeza kitufe huku akitazama mita. Volti zikishuka sana chini ya 10 wakati wa kubonyeza, betri imechoka, au vichwa vyake vimelegea au vimeota kutu. Betri hii ilikuwa nzima. Akatazama fyuzi, akatazama swichi ya kuzimia injini, akahakikisha kwamba gia haijaingia, kwa sababu baadhi ya pikipiki hukataa kupeleka umeme gia ikiwa ndani na klachi haijashikwa.

Baada ya hapo alisikiliza rilei. Mkondo unaohitajiwa na stata ni mkubwa mno kupita katika kitufe, kwa hiyo kitufe huiamuru rilei, na rilei ndiyo hufungua njia ya umeme mkubwa. Rilei ikilia haraka haraka mfululizo, kwa kawaida betri ni dhaifu. Isipolia kabisa, amri haijaifikia au yenyewe imekufa. Hii ililia mara moja, “tak”, kisha kimya. Mzee akapima kwenye waya mnene unaoingia katika stata. Umeme ulikuwa unafika, na stata haikuzunguka. Sasa ubovu ulikuwa hauna mahali pengine pa kujificha. Aliongeza kwamba, kama stata ingesikika ikizunguka peke yake kwa kasi na injini isitikisike, angetafuta ubovu katika klachi ya stata, ambayo hushika upande mmoja na kuachia upande mwingine kama friwili ya baiskeli.

Kabla ya kuigusa stata alifungua waya wa hasi wa betri. Nilipouliza sababu, alieleza kwamba spana ikigusa waya wenye umeme na fremu kwa pamoja hutoa cheche na inaweza kuunguza waya au kumwunguza fundi. Akafungua waya wa stata, akafungua boliti mbili zinazoishika kwenye injini, akaichomoa kwa kuitikisa taratibu. Alipoifungua, tuliona brashi za kaboni zimeisha kabisa, na pete ya shaba inayosuguana nazo imechimbika na kuwa nyeusi. Brashi zikiisha peke yake, alisema, hubadilishwa brashi na stata huendelea na kazi. Pete ikichimbika namna hii, ni afadhali kuibadili stata nzima.

Aliilinganisha mpya na ya zamani: urefu wake, idadi ya meno ya gia yake, matundu ya boliti, na upande inakozungukia. Aliijaribu kwanza juu ya meza kwa kuigusisha na betri, akiwa ameishika kwa nguvu, kwa maana huruka inapoanza. Akaipaka mafuta oringi ili isichanike na ili oili ya injini isivuje, akaisukuma mahali pake mpaka meno yakashikana, akakaza boliti kwa kiasi, kwa kuwa mwili wa injini ni wa alumini na nyuzi zake hukatika upesi. Waya wa stata ukarudishwa, na waya wa hasi wa betri ukawa wa mwisho. Kitufe kikabonyezwa. Ikazunguka, ikawaka.

Niliandika kila neno alilotumia. Vijana wake walisema “stata” kwa kitufe, kwa rilei na kwa mota yenyewe, lakini yeye alipokuwa akiwatuma walete kitu alisema “kitufe cha stata”, “rilei ya stata”, “brashi za stata”, “klachi ya stata”. Kila hatua ya uchunguzi wake ilihitaji jina lake, na kila jina lililokosekana lingekuwa hatua iliyorukwa.

Kazi ya Baraza na uzito wa neno

Kusanifisha maneno ni kazi yenye historia yake katika Afrika Mashariki. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilianza kazi mwaka 1930, na kamusi zilizohaririwa na Frederick Johnson zilitoka mwaka 1939. Mwaka 1964 kazi za Kamati hiyo zilihamia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na chombo hicho kikaja kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, iliyotoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa kwa sheria ya mwaka 1967. Katika miaka hiyo wataalamu waliweka mpango wa kutafuta istilahi: kwanza katika Kiswahili chenyewe, kisha katika lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu, kisha katika lugha nyingine za Kiafrika, na mwisho katika lugha za kigeni.

Mpango huo ni mzuri, na mimi niliufuata. Nilipata mzizi katika hatua ya kwanza, na kama ningeendelea hatua ya tatu ningepata ule ule katika lugha za jirani wa Waha. Nililosahau ni kwamba mpango hutuambia tutafute wapi. Hautuambii kama neno lililopatikana linakitenga kitu na jirani yake. “Kiwashio” kina nasaba safi, lakini ndani ya injini kinafaa zaidi kwa plagi kuliko kwa stata. “Kianzishi” hakichanganyi moto na mzunguko, ila hakitofautishi mota na kiki, maana vyote viwili huanzisha. “Mota ya kuwashia” ni maelezo zaidi kuliko jina, na hurudisha tatizo la moto. “Kizungusho” ndilo lililo sahihi kupita yote kwa maana, lakini katika safari yangu yote sikumsikia mtu hata mmoja akilitamka, na mtunza stoo asingelijua.

Linabaki “stata”. Baadhi yetu hulilaumu kwa ugeni wa sauti zake, kwa kuwa linaanza kwa konsonanti mbili. Lakini Kiswahili kimekwisha kuzipokea “stesheni”, “stoo” na “stempu”, na hakuna anayeziona kuwa ngeni leo. Tena lugha yetu haikuogopa kamwe kupokea maneno ya vyombo na kuyafanyia ngeli. Watu walisikia neno la Kiingereza la kinga ya matope, wakalifanya “madigadi”, wakaona kwamba umoja wake hauna budi kuwa “digadi”. Walisikia amri ya barabarani ya kushika kushoto, wakalifanya “kipilefti”, na wingi wake “vipilefti”. Lugha inayoweza kufanya hivyo haimezwi na neno moja la fundi.

Wapo watakaosema kwamba kukubali neno la kijiweni ni kuacha wajibu wetu. Hoja hiyo ina uzito, na sitaki kuidharau. Kama kila mota, rilei na swichi itaingia na jina lake la kigeni, mwanafunzi wa chuo cha ufundi stadi atakariri sauti bila kuona maana. Jibu langu ni kwamba maana hufundishwa katika maelezo, na hapo ndipo Kiswahili kina nguvu kubwa. Tukimwambia mwanafunzi kwamba stata ni mota ya umeme inayoizungusha injini mpaka iwake, tumempa jina ambalo fundi na mwenye duka watalijua, na tumempa vitenzi viwili, “kuzungusha” na “kuwaka”, vya kufikiria kwavyo. Vitenzi hivyo ni vyetu. Ndivyo vilivyoitengeneza pikipiki ile, kabla spana haijashikwa.

Hitimisho

Kutokana na historia hii napendekeza kwa wasomaji wa jarida hili mambo yafuatayo, ili yajadiliwe. Mota ya umeme inayoizungusha injini iitwe “stata”, na sehemu zake zitajwe kwa neno hilo: kitufe cha stata, rilei ya stata, brashi za stata, klachi ya stata. Mkono wa mguuni uitwe “kiki”. “Kuwasha” libaki kuwa kitenzi cha tendo zima kama lilivyo midomoni mwa watu, lakini lisitumiwe kuunda jina la kipuri chochote ambacho hakitoi moto.

Nawaomba wafasiri, kabla ya kufasiri orodha ya vipuri, wakakae saa moja kwa fundi na kuuliza kila kipuri kinajulikanaje kuwa kimeharibika. Nawaomba walimu wawafundishe wanafunzi kuandika dalili kabla ya kuandika jina la kipuri. Nawaomba watumishi wa Serikali wanaotengeneza fomu waweke nafasi ya maelezo mafupi kando ya jina: inazunguka au haizunguki, inawaka au haiwaki. Mistari miwili hiyo ingemwezesha mtunza stoo kuona kwamba plagi haiwezi kuwa dawa.

Pikipiki ya zahanati ilitengenezwa katika wiki ya kumi na mbili, pale fundi mmoja alipopita, akauliza swali lile lile la mzee wa Kasulu, na kuagiza stata kwa jina lake. Fomu yangu imekwisha kusahihishwa. Hata hivyo nakala za zamani huenda bado zimo katika makabati ya ofisi, na atakayekutana na “kiwashio” katika orodha ya vipuri vya pikipiki namwomba alikate kwa kalamu na kuandika juu yake “stata”.